Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazee wa mtaa, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Karibu Shinyalu.

Ukipanda kilima cha Lirhanda asubuhi, ukungu ukishaondoka, utauona Msitu wa Kakamega kama kisiwa kilichozingirwa na mahindi, chai na miwa. Ndicho kipande kilichosalia Kenya cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo kupitia Uganda. Sisi ni watoto wa ufukweni mwa kisiwa hicho.

Mheshimiwa, mzizi ulio mezani mbele yako ni mukombero. Tafadhali ukwaruze ganda kwa ukucha, unuse. Unanukia vanila. Ukiutafuna unawasha kidogo kama tangawizi, kisha utamu unabaki kooni. Kukhu zetu, yaani bibi zetu, huuponda wakautia kwenye chai, na mgonjwa aliyekataa chakula hupewa kipande atafune ili hamu imrudie. Wanaume pale stendi ya Khayega huusifia mambo mengine, lakini hayo tunawaachia wazazi.

Shida ni kwamba kinachouzwa ni mzizi wenyewe. Wazee wanatuambia mchimbaji wa zamani alikata mizizi ya pembeni, akafukia shina, akarudi msimu mwingine. Wa leo anang'oa yote, maana akiacha, mwenzake atakuja kuchukua.

Mti wa mwiritsa nao una kilio chake. Gome lake lilichemshwa kwa maumivu ya kifua na tumbo, kisha Ulaya wakalitaka kwa dawa za tezi dume. Tangu 1995 biashara yake baina ya nchi inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Lakini mkataba haumwoni mtu mwenye panga aingiapo msituni jioni, na mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote hukauka ungali umesimama.

Hata isukuti, ngoma yetu iliyokulaki langoni, ina deni kwa miti. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sisi tunaona kuilinda ngoma bila kulinda gogo inayochongwa kwalo ni kazi nusu.

Mwaka jana tulipanda miche 40 ya mukombero nyuma ya maktaba, tukaisimikia miti ya kutambalia. Mbuzi walikula kadhaa, kiangazi kikachukua mingine, ikabaki 17. Likizo ya Agosti tuliporudi tulikuta mashimo. Aliyechimba alijua kazi yake: hakuacha hata mzizi wa unene wa kalamu. Tulikasirika, halafu mmoja wetu akacheka, akasema angalau sasa tuna hakika kwamba zao letu lina soko.

Tumeanza upya na miche 60, iliyo kwenye pakiti za maziwa. Kwa heshima tunaomba waya wa kuzungushia kitalu na tangi la kuvunia maji ya paa la bweni. Tunaomba pia utusemee ili wazee wanaojua dawa hizi waalikwe darasani wangali na nguvu za kutembea.

Mheshimiwa, kabla ya chakula tunakuomba utupandie mwiritsa mmoja kando ya uwanja. Shimo tulichimba jana, na jembe liko nyuma ya jukwaa.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Mazingira