Binti aliyesema kweli ndiye aanziwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Pemba, na kwa miaka 26 nilifanya kazi katika ofisi binafsi ya ukaguzi wa hesabu hapa Unguja. Sitoitaja jina. Hivi karibuni ofisi hiyo imewaandikia wateja wake kwamba yaliyopita yamekwisha, uongozi ni mwengine na imani imerejea. Barua ilinifikia kupitia kwa jamaa, nikaisoma mara mbili. Imani ya nani iliyorejea?

Tulikuwa tukikagua ushirika wa akiba na mikopo wa kaskazini mwa Pemba, wanachama wake wengi wakiwa wanawake wakulima wa mwani. Mwaka mmoja, faili limeshakaa tayari kutiwa saini, binti mmoja ambaye hajatimiza hata miaka 2 kazini akaliangalia upya. Karatasi ya kuhesabia fedha taslimu ilisema wakaguzi wetu wawili walilihesabu sanduku la ushirika siku ya Jumatano, mbele ya mshika fedha. Jumatano ile boti hazikuondoka. Kusi lilikuwa limechachamaa, abiria wakarudishwa kutoka bandari ya Malindi, hapa hapa Unguja. Tiketi ya ndege haikuwamo katika faili. Posho ya safari ya siku 3 ilikuwamo, imetiwa saini na imeshachukuliwa.

Binti aliipeleka karatasi kwa mkubwa wa ofisi. Tuliokuwa nje ya chumba tulisikia jibu: "Wewe umekuja kujifunza kazi au umekuja kutukagua sisi?" Wiki ile ile hati safi, ya kusema kwamba hesabu ziko sawa, ikatoka.

Mimi nilijua kwamba boti hazikwenda. Siku hiyo nilikuwa pale pale Malindi na mama yangu mzazi, tukarudi nyumbani na mizigo yetu. Nilinyamaza. Nilijiambia nina watoto skuli na kodi ya nyumba. Binti hakuwa na mtu wa kumwambia "na mimi naliona hilo", na mtu huyo nilitakiwa niwe mimi.

Mwaka uliofuata ushirika ulikauka. Mikopo ilikuwa ikitolewa kwa majina ya watu ambao hata sheha, kiongozi wa shehia yao, hawajui. Wakaja wanawake watatu mpaka ofisini, wamelala safarini. Mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, alifungua kanga, akaitoa ripoti yetu ikiwa imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza yangu. Kidole chake kilikuwa kimepasukapasuka kwa maji ya chumvi. Akakiweka juu ya wino wa bluu. "Mwanangu, muhuri huu si wenu? Sisi mahesabu hatuyajui. Tulitazama muhuri."

Ofisi ilifanya nini? Mkubwa alistaafu kwa heshima, akaagwa kwa chakula. Kibao cha mlangoni kikabadilishwa. Ukutani pakatundikwa neno UADILIFU kwa herufi kubwa, tukapelekwa semina ya siku moja hotelini, kila mtu akatia saini kijitabu cha maadili. Binti akahamishiwa chumba cha mafaili, na mkataba wake ulipomalizika haukuongezwa. Wazee wetu wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtu akiingia ndani ya ofisi ile angeuliza: yuko wapi aliyesema kweli? Vijana waliobaki waliliona jibu, nao wakalishika kuliko kijitabu.

Semina hazinitoshi, na nina sababu. Juni 2022 Marekani iliitoza EY, moja ya kampuni kubwa za ukaguzi duniani, faini ya dola milioni 100 kwa kuwa wakaguzi wake walikuwa wakipeana majibu ya mtihani. Mtihani wenyewe ni wa maadili!

Kubadilisha wakubwa pia hakumalizi kazi. KPMG nayo ni kampuni kubwa ya ukaguzi; Septemba 2017 mtendaji mkuu wake wa Afrika Kusini, mwenyekiti na wenzao kadhaa waliondoka kwa kashfa ya kampuni za familia ya Gupta, wafanyabiashara waliokuwa karibu na Rais Jacob Zuma. Gharama za harusi ya familia hiyo, iliyofanyika Sun City mwaka 2013, ziliingizwa katika mabuku kama gharama za biashara, na baadhi ya wabia wa kampuni ya ukaguzi walikuwa wageni katika harusi ile. Utamkaguaje mtu ambaye umeshakula pilau yake? KPMG iliyafuta matokeo na mapendekezo ya ripoti yake juu ya mamlaka ya mapato ya nchi ile, ikajitolea kurejesha randi milioni 23 ilizolipwa. Lakini mwaka 2018 likazuka jengine la benki ya VBS, ambayo KPMG ndiyo iliyoikagua, na Mkaguzi Mkuu wa nchi ile akavunja mikataba yake nao. Wakati huo Profesa Wiseman Nkuhlu alikuwa ameshaitwa kushika uenyekiti wa KPMG, na kazi aliyoikuta haikuwa ya siku moja.

Na Australia, mwaka 2023, uchunguzi wa Ziggy Switkowski, mtu wa nje aliyeitwa kuichunguza kampuni ya ukaguzi ya PwC, ulikuta madaraka yamerundikana mno kwa mtendaji mkuu, na bodi ya kumsimamia haina nguvu. Niliposoma habari hiyo nilikikumbuka chumba cha mkubwa wetu. Aliyeleta mteja ni yeye, anayetia saini hati ni yeye, anayepanga posho na mikataba yetu ni yeye. Nani angemwambia hapana?

Kwa hivyo nawaambia wakubwa wapya, ambao wengine niliwafundisha kazi mwenyewe: mtafuteni yule binti. Mwombeni radhi kwa maandishi, wafanyakazi wote wasome, na akitaka kurudi arudi kwa cheo ambacho angekuwa nacho leo. Hati yoyote isitoke mpaka mbia mwengine, asiyemjua mteja, awe amelisoma faili zima na ana haki ya kulizuia. Mikataba ya vijana isikae mkononi mwa anayetia saini. Wekeni katika bodi watu wa nje wasiokula kwenu, wenye uwezo wa kumwondoa mkubwa. Na ada mliyolipwa na ushirika ule irudi Pemba, mpaka shilingi ya mwisho, ipelekwe na mbia kwa mkono wake. Isitumwe kwa simu.

Mwezi ujao nitavuka kwenda Pemba. Nimempata bibi yule kupitia kwa sheha wa kwao, na ninakwenda kumtaka radhi kwa ukimya wangu. Nafasi mbili za boti nimeshazilipia. Ya pili ni ya yeyote katika wabia wa ofisi atakayekubali kufuatana nami, na wanakujua ninakokaa.

Mhasibu mstaafu,
Jang'ombe, Unguja