Visiki vya baba

Kilema, Moshi
14 Juni 2025

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kutoka mlimani. Baridi ya huku ni ile ile uliyoikuta ulipokuja kwenye msiba wa baba: ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na nguo zinakaa kambani siku tatu bila kukauka. Mama anaendelea vizuri, anatembea kwa fimbo, na ameniagiza nikusalimie kabla sijaandika neno lingine lolote.

Nianze kwa kukuomba radhi. Siku ile uliponiambia kwenye simu, "Shoga, achilia, hiyo mibuni si baba yako," nilikukatia simu, na kwa miezi nikawa nakujibu meseji zako kwa neno moja moja. Moyoni nilisema mtu wa Tanga, aliyelelewa kwenye minazi na ngalawa, atajuaje mbuni ni nini kwa Mchaga. Kumbe ulikuwa umesema kweli, ila ulisema nusu. Nusu ya pili nimeikuta mwenyewe mwezi wa pili mwaka huu, nimepiga magoti shambani. Ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kukupigia. Kwenye simu ningelia tu, wala usingenielewa.

Ugomvi wenyewe unaujua, lakini nilikusimulia upande wangu peke yake. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ndiye aliyerithi kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kama ilivyo desturi yetu. Mwaka 2021, baba akiwa na miaka miwili kaburini, alinipigia akasema mibuni ya baba imechoka, yote 180, na anataka kuanza kuikata ibaki visiki ili ichipue upya. Nikamjibu kwamba anamchimbia baba kaburi la pili. Nikaongeza jambo ambalo sikukwambia kwa sababu niliona aibu hata siku ile ile: kwamba mrututu, ile dawa ya kupulizia shamba lile, unanunuliwa kwa pesa ninayotuma mimi, kwa hiyo hakuna msumeno utakaoingia mle bila ruhusa yangu. Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Dada, wewe unamjua baba wa Desemba." Nikalipokea kama tusi. Kwa zaidi ya miaka mitatu tukawa watu wa kuandikiana Krismasi njema, basi.

Nataka uelewe kwa nini iliniuma. Kahawa ya mlima huu ilianza kupandwa na mapadre wa misheni ya hapa hapa Kilema, miaka ya 1890. Wazee wetu wakaichukua wakaichomeka katikati ya migomba, na kufikia 1933 walikuwa na ushirika wao mkubwa, KNCU, wa kuiuza. Lakini ukija kwetu asubuhi utapewa chai. Kahawa kwetu hainywewi sana, inasomesha. Kila mtoto alikuwa na mbuni wake. Wangu ulikuwa wa tatu kutoka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, nilikuwa nauchuma peke yangu na kikapu changu kidogo, na baba akipita na kile kisu chake cha kupogolea alikuwa anauliza, "Ada imeiva?"

Unakumbuka Januari 1992 nilivyochelewa shule wiki tatu, wewe ukanikopea madaftari yako yote? Sikukwambia sababu. Ile Julai 1989 nchi zinazolima kahawa na zile zinazoinunua zilishindwa kuelewana juu ya mgao wa mauzo, bei ikaporomoka dunia nzima, na haikuinuka mapema. Sisi watoto tungejua wapi habari za mikutano ya London? Tulichojua ni kwamba baba alikwenda chama cha msingi cha ushirika na koti lake la Jumapili, akarudi jioni mikono mitupu, malipo ya pili hayajafika. Mwaka ule alilipa ada yangu kwa vipande vipande. Kwa hiyo kila nilipokuja Desemba na kuishika ile mibuni, nilikuwa namshika yeye.

Sasa sikia. Mwezi wa kwanza mama alianguka bafuni akaumia nyonga. Nikachukua likizo yangu yote ya mwaka nikaja kumuuguza. Shoga, tangu nilipoolewa sikuwahi kuwa Kilema mwezi wa pili. Desemba unakuta njia zimefagiliwa, mbege imeiva, magari ya Dar yamejaa mpaka kwenye majani, na kila mtu anapiga picha chini ya migomba. Februari ni kiangazi. Mfongo una maji kidogo, na zamu yetu ya kuyafungulia shambani huangukia saa tisa usiku. Nililala chumba cha mbele, na usiku ule wa kwanza nikasikia mlango unafunguliwa, jembe linachukuliwa, hatua zinateremka gizani. Alikuwa mdogo wangu. Alirudi alfajiri, miguu imelowa mpaka magotini. Hakusema kitu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Wiki ya pili kulikuwa na msiba ng'ambo ya bonde, nikaenda badala ya mama. Watu walipokuwa wakila, mimi nikasimama ukingoni nikatazama kwetu. Nimezaliwa pale, lakini sikuwahi kukiona kihamba chetu kutoka upande ule. Siku zote nimekiona kutoka getini, kama mgeni anayepokelewa. Kutoka ng'ambo kilikuwa kipande kidogo, kama leso iliyoanikwa kwenye mteremko. Vihamba vya jirani, vya watu waliopanda ile miche mipya ya watafiti wa kahawa wa Lyamungu inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, vilikuwa vya kijani kizito. Chetu kilikuwa na doa la kijivu katikati. Doa lile lilikuwa mibuni ya baba. Na ndani ya doa alikuwamo mtu mmoja mwenye kofia nyekundu, bomba la dawa mgongoni, anapanda, anashuka, anainama mfongoni kuchota maji, anapanda tena. Nilimhesabia mara saba. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi na sikuweza kuumeza.

Jioni nilimwomba anionyeshe daftari la mavuno. Mwaka jana: kilo 38, zilizokwisha kukaushwa, kutoka mibuni 180. Akafunua nyuma, kwenye mwandiko wa baba, 1988: kilo 190, mibuni hiyo hiyo. Na Februari ile niliyokuwa pale, bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kufikia rekodi. Hakunilaumu. Alifunga daftari akaenda kumgeuza mama kitandani, kazi ambayo kumbe alikuwa akiifanya vizuri kuliko mimi muuguzi.

Kesho yake, kabla ya jua kali, nilikwenda kwenye mbuni wangu, wa tatu kutoka kwenye mfongo. Sijui nilikwenda kufanya nini, labda kuuaga. Nikapiga magoti, nikaondoa majani makavu ya migomba yaliyorundikana kwenye shina. Chini yake nikakuta kisiki. Kisiki kipana kama sahani, cheusi, kilichokatwa mshazari na kufunikwa na gome la miaka mingi. Lile shina nililokuwa nikilikumbatia kila Desemba lilikuwa limechipua ubavuni mwake. Nikaenda kwenye mbuni wa pili, nikafukua. Kisiki. Wa tatu, kisiki. Nilifukua mibuni kama ishirini hivi, kucha zimejaa udongo, kila mmoja umesimama juu ya jeraha la zamani.

Nikarudi kwa mama mikono michafu, nikamuuliza. Akanishangaa. "Kwani hukujua? Baba yenu aliikata yote mwaka ulipoanza darasa la kwanza." Yaani 1984. Babu, aliyeipanda, alikasirika msimu mzima. Hakukanyaga shambani. Alikuwa akipita barabarani na kusema kwa sauti kwamba mwanawe anamchimbia kaburi angali hai.

Maneno yale yale, shoga. Maneno yangu yale yale.

Nikamuuliza kwa nini basi baba hakuikata tena, maana mbuni haufai kukaa miaka arobaini bila kufanywa upya. Mama alinyamaza muda, akawa anaikunja ncha ya khanga yake. "Ukishakata," akasema, "unakaa miaka miwili bila buni. Bei ilipoanguka wewe ulikuwa darasa la sita, na nyuma yako kulikuwa na wenzako watatu. Angewalipia na nini? Kila mwaka alisema mwakani. Mlipomaliza kusoma wote, mikono yake haikuweza tena msumeno."

Nilitoka nikakaa karibu na kaburi lake. Kwa miaka hii yote niliuona uzee wa ile mibuni kama alama ya upendo wake kwa shamba. Kumbe alikuwa akiitazama kila asubuhi na kujua inachoka, na akiacha ichoke, kwa sababu ya karo yangu. Ile mibuni mizee lilikuwa deni, nami nikasimama mlangoni kwa deni lile nikamzuia mwanawe asililipe, nikiliita ukumbusho. Hiyo ndiyo nusu ambayo wewe hukuweza kuijua. Uliniambia niachilie, nami nikadhani unaniambia nimsahau. Hakuna aliyeniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitamani kukata.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale. Ni mmea wa kawaida tu, unaouona kwenye mipaka na juu ya makaburi yetu, lakini anayepelekewa jani lile hakatai kusamehe. Mara nyingi nimeona wazee wakipelekeana. Sikuwahi kufikiria kwamba nitampelekea kitinda mimba niliyembeba mgongoni. Nililichuma mpakani, nikamkuta zizini. Alilishika kwa mikono miwili akiwa bado na kinyesi cha ng'ombe kwenye vidole, akaliangalia mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Tuanze na wako, au tuuache wa mwisho?"

Nikamwambia tuanze na wangu.

Bwana shamba alishauri tusikate yote kwa pamoja. Tulikata 60 kabla ya masika, mwakani 60 nyingine, ili nyumba isikae bila buni kabisa. Unakata chini kidogo ya goti, mshazari, ili maji ya mvua yateleze yasituame kwenye kidonda. Unaacha tawi moja linalolisha mizizi mpaka machipukizi yashike. Unapaka rangi juu. Mdogo wangu alinionyesha jinsi ya kuuegemeza mwili badala ya kuusukuma msumeno kwa mkono. Wangu ulianguka polepole, ukaegemea mgomba, na ndani ulikuwa na shimo jeusi la wadudu kutoka juu mpaka karibu na kisiki cha 1984. Hapo ndipo nililia. Yeye alisimama tu pembeni mpaka nilipomaliza, akanipa kofia yake nijifute.

Kaka yetu mkubwa bado hatusemeshi. Anasema tumeharibu shamba la mzee, na picha za visiki zilipofika kwenye kundi la familia alijitoa. Sina la kumlaumu, kwa sababu kila anachosema nilikisema mimi. Nimemwandikia mara moja tu, nikamwomba aje mwezi wowote ambao si Desemba. Hajajibu.

Nimerudi wiki hii kwa kazi ya kupunguza machipukizi. Kila kisiki kimetoa saba au nane, laini, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Unatakiwa kubakiza mawili au matatu yaliyokaa vizuri, mengine unayang'oa kwa mkono. Jana nilikaa mbele ya kisiki changu karibu saa nzima, yote naona mazuri. Mdogo wangu alipopita aliniambia niangalie mahali lilipotokea, lililotoka chini ndilo halivunjiki na upepo. Nimebakiza mawili. La tatu nitaliamua kesho.

Jambo moja zaidi. Mwaka juzi, kabla hatujafika kwenye habari ya mibuni, ulitaja kwa kupita tu kwamba ngalawa ya mzee wako imepandishwa ufukweni na ndugu zako wanataka kuiuza mbao. Sikukuuliza hata swali moja, nikaingia na yangu. Sitakushauri kitu, wala sina ninachojua juu ya ngalawa. Nataka tu unisimulie. Iko wapi sasa, nani alikuwa akikaa nyuma kushika usukani, na wewe ulikuwa ukikaa wapi?

Kahawa ya zile kilo 38 tuliyobakiza nyumbani mama ameikaanga na kuitwanga mwenyewe, ameketi, fimbo iko kando. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi la Tanga, pakiti mbili zimefungwa kwa jani la mgomba lililokauka. Ni ya mwisho kutoka kwa ile mibuni tuliyoikata, nyingine mpaka 2027. Ikikufikia, nipigie. Sitakata simu.

Wako wa siku zote.