Gati la Southend: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeuliza umpeleke wapi mdogo wako akija Uingereza. Mpeleke Southend-on-Sea, kwenye gati la matembezi lililo refu kuliko yote duniani: kilomita 2.16 kutoka nchi kavu hadi kichwani, yaani ncha yake ya baharini. Ila usichague siku kabla ya kutazama majira ya maji, maana gati lile lote ni habari ya kujaa na kupwa.

Southend iko mlangoni mwa mto Thames. Ufuko wake ni tambarare ya tope, na maji yakipwa hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 5. Meli za abiria kutoka London hazikuwa na pa kushushia watu, zikapitiliza hadi mji wa Margate. Mwaka 1829 Bunge likatoa kibali, na 1830 likafunguliwa gati la mbao la kama mita 180. Kosa lake unalijua kabla sijalitaja: maji yakitoka, lilibaki limesimama juu ya tope. Wakaongeza, wakaongeza tena, hadi 1846 lilipofika kama mita 2,100, na hapo meli zikaweza kufunga hata maji yakiwa madogo. Gati la chuma, kazi ya mhandisi James Brunlees, lilichukua nafasi yake mwaka 1889. Mwaka uliofuata treni ya umeme ilikuwa ikipita juu yake.

Adui mkubwa wa gati hili, ajabu, ni moto kuliko mawimbi. Nguzo ni za chuma, lakini sakafu ni mbao, na upepo wa bahari huchochea. Halafu moto ukiwa kichwani, wazimaji wana kilomita mbili za kupita kwenye njia nyembamba. Bahari iliyo chini nayo huenda imekupwa, boti za zimamoto zisisogee. Mwaka 1976 kichwa kiliteketea kwa sehemu kubwa. Mwaka 1959 ukumbi wa upande wa nchi kavu uliungua, na mamia ya watu wakakwama upande wa baharini. Waliokolewa kwa boti. Moto ulirudi 1995, kisha 2005. Na katikati ya hayo, mwaka 1986, meli Kingsabbey ililigonga gati karibu na kichwa, ikalikata na kubomoa banda la boti ya uokoaji.

Sasa safari yenyewe. Nendeni kwa miguu, rudini kwa treni. Kutembea ni kama nusu saa kwa mwendo wa mtoto asiyelalamika, treni ni kama dakika 10. Fikeni maji yakianza kujaa: mwanzo mtaona tope na ndege wakidonoa, na mkikawia kichwani mtaona bahari ikija chini ya mbao. Chukueni koti hata kiangazi, kule mwisho mko katikati ya maji na upepo hauna kizuizi. Gati hulipiwa kiingilio, na siku nyingine za baridi hufungwa, kwa hiyo angalia kwanza.

Mwambie mapema kwamba bembea na mitambo haiko juu ya gati, asije akanuna njia nzima. Kichwani kuna mkahawa, ukumbi, wavuvi wa ndoano na kituo cha boti za uokoaji. Michezo iko kwenye bustani ya Adventure Island, pande mbili za mguu wa gati. Kuingia ni bure, unalipia kila mchezo au unanunua bangili ya siku nzima. Mkubwa wao ni Rage, kitreni cha kuporomoka cha mwaka 2007, kinachokuteremsha kwa pembe ya nyuzi 97, yaani umepita wima. Mpimeni urefu kwanza, kisha chakula kije baada ya Rage.

Msishuke kutembea topeni mbali na ufuko. Maji hurudi kwa kasi kupitia mifereji iliyo nyuma yenu, na kituo cha uokoaji kina chombo cha kupita juu ya tope kwa ajili ya waliokwama.

Katikati ya Southend kuna stesheni mbili za treni ya London: Central huenda stesheni ya Fenchurch Street, Victoria huenda ile ya Liverpool Street, kila moja kama saa moja. Hakikisha tiketi ya kurudi ni ya njia mliyojia.

Mama yako