Meko juu ya plaiwudi ni hatari

Mhariri, salamu. Mimi hupika mahamri na viazi karai hapa Kisauni, na juzi juzi nusra banda langu la makuti liishe lote, sasa wacha niseme. Fundi alinijengea meko, akatandika plaiwudi, juu yake akabandika tailizi, kwa macho yalipendeza wallahi. Kumbe tailizi zenyewe haziungui lakini joto linapita, ile mbao chini ikawa yakauka na kuwa nyeusi polepole siku baada ya siku mpaka alfajiri moja nanusa moshi na hata sijawasha, ni makaa ya jana tu.

Nimejenga upya. Chini hakuna mbao hata kipande, ni udongo ulioshindiliwa na matofali ya kuchoma, nimeyashika kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, maana simiti ya kawaida ikipigwa na moto mkali hupasuka. Jirani akaniambia tumia mawe ya matumbawe, si yako bure, nikacheka, si hayo hayo wazee walikuwa wakiyachoma kupata chokaa? Mwengine akaniletea asibesto kuukuu niweke ukutani, huyo nilimrudisha nayo mbio, vumbi lake laleta kansa ya mapafu. Nimeweka bati, nikaacha upenyo nyuma hewa ipite.

Mafundi wa mtaani, mteja akitaka meko mwambieni ukweli kabla hamjachukua pesa. Zangu sijarudishiwa mpaka leo.

Mama Mahamri,
Kisauni, Mombasa