Waliosimama na kutoka ukumbini

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya burudani ya Jumapili iliyopita ilitetea zile video za tumbili aliyevishwa kaptula na kufundishwa kukata kiuno mbele ya baa. Mwandishi alisema kelele za kumtetea mnyama wa maonyesho zimeletwa juzi juzi na vijana wa mitandaoni waliokosa kazi. Ucheshi wake sina ugomvi nao, anaandika vizuri. Lakini hilo la juzi juzi si kweli hata kidogo. Kelele hizo zilianza karne ya 19, na waliozipiga walikuwa watu wa makoti na kofia ndefu, wengine matajiri, wengine wachungaji wa makanisa. Waligonga mwamba mara nyingi kabla ya kugundua mahali pa kushika. Naomba nafasi niyaeleze, maana naona walichogundua wale wazee ndicho mwandishi wenu hakukigusa.

Henry Bergh wa New York alikuwa mtoto wa tajiri wa kuunda meli, na aliwahi kufanya kazi katika ubalozi wa nchi yake huko Urusi. Mwaka 1866 aliunda ASPCA, chama cha kwanza cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Alisimama barabarani akiwazuia wenye mikokoteni waliowachapa farasi waliochoka. Mtu aliyemsumbua kuliko wote ni P. T. Barnum, bingwa wa sarakasi na wa kujitangaza. Waligombana kwanza kuhusu nyoka wa Barnum waliokuwa wakilishwa wanyama walio hai. Kisha mwaka 1880 Barnum akaleta farasi aitwaye Salamander, aliyeruka kupitia pete zinazowaka moto.

Bergh akamtuma msimamizi wake pamoja na polisi wakalizuie onyesho. Barnum, wakati huo mzee wa miaka 69, akasimama mbele ya umati, akaueleza ugomvi wao, kisha akapita yeye mwenyewe katikati ya zile pete, kofia mkononi. Wachekeshaji wakamfuata. Hata yule mtu wa chama naye akapita. Hakuna aliyeungua hata unyusi, kwa kuwa moto wenyewe ulikuwa wa kutengenezwa na haukuwa na makali. Barnum akaondoka na sifa, Bergh akabaki na aibu.

Huwa nacheka nikisoma kisa hicho, halafu naacha kucheka. Bergh alikuwa ameutafuta ukatili ulingoni, penye taa na watu, pale ambapo mwenye sarakasi amekwisha hakikisha hakuna kitu cha kuonekana. Farasi anaporuka mbele ya watoto, kazi ya kumtisha ilikwisha zamani, katika banda lililofungwa, na tiketi ya kuingia humo haiuzwi.

Uingereza nako walihangaika kwa njia yao, njia ya sheria. Mbunge Richard Martin alipitisha sheria mwaka 1822 ya kumlinda farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Miaka miwili baadaye kikaundwa chama katika duka la kahawa la London, ambacho leo ndicho RSPCA. Mwaka 1835 ikaja sheria ya kupiga marufuku mchezo wa kumfunga dubu mnyororo na kumwachia mbwa. Simba wa sarakasi, hata hivyo, alibaki nje ya ua. Mwaka 1894 shauri la simba wa maonyesho lilifika mbele ya majaji, nao wakaamua kwamba simba, hata akiwa amefungiwa tunduni na amefundishwa michezo, hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, kwa hiyo sheria ya ukatili haimhusu. Punda wa muuza mboga wa London alikuwa na ulinzi kuliko mfalme wa nyika! Pengo hilo lilizibwa mwaka 1900, ilipotungwa sheria ya wanyama pori walio kifungoni.

Huruma ya umma haikukosekana. Wakumbuke waliomlilia Jumbo, ndovu wa Afrika aliyekamatwa akiwa mdogo huko mipakani mwa Sudan na Uhabeshi, akapelekwa Paris na baadaye London. Mwaka 1882 bustani ya wanyama ya London ilipomuuza kwa Barnum kwa pauni 2,000, watoto wa shule walimwandikia Malkia Victoria wakimsihi azuie, na baadhi ya wanachama wa bustani wakaenda mahakamani. Walishindwa. Jumbo alisafirishwa hadi Marekani, akazungushwa na sarakasi, na mwaka 1885 akagongwa na treni ya mizigo huko Kanada akafa. Machozi yalikuwa ya kweli, nadhani, lakini yalikuwa ya ndovu mmoja mwenye jina. Wasio na jina waliendelea kujaza mahema.

Aliyeonyesha mahali pa kushika alikuwa mtunzi wa hadithi. Jack London alifariki mwaka 1916, na mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu chake kuhusu mbwa aliyeangukia mikononi mwa wafunzaji wa wanyama wa jukwaani. Katika dibaji alieleza kwamba maonyesho hayo yalimkera tangu zamani, akataka kujua yanatengenezwaje, akaenda kuchungulia nyuma ya jukwaa, na alichokiona huko kilimtosha. Kisha akatoa ushauri ambao hata mtoto angeuweza: mnyama akiletwa jukwaani, inuka kitini utoke nje, na usirudi mpaka sehemu hiyo iishe.

Mwaka 1918 mchungaji Francis Rowley, aliyekuwa rais wa chama cha kutetea wanyama cha Massachusetts, aliugeuza ushauri huo kuwa klabu, akaipa jina la mtunzi huyo. Klabu ya Jack London haikuwa na ada wala mikutano. Mwanachama aliahidi tu kutoka ukumbini, na kumweleza mwenye ukumbi kwa nini ametoka. Wengine walianzia dirishani kabisa: kabla ya kulipa, wanauliza kama leo kuna wanyama, na wakijibiwa ndiyo, pesa inarudi mfukoni. Waliojiunga walifika mamia ya maelfu.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mwenye ukumbi hakuwa na haja ya kusomewa hotuba, alikuwa na macho ya kuhesabu viti. Mwaka 1925 sarakasi ya ndugu Ringling, kubwa kuliko zote Marekani, iliondoa michezo ya simba na chui katika maonyesho yake. Klabu ilijipongeza, ingawa sababu za kibiashara nazo zilikuwepo, na ushindi wenyewe haukudumu: miaka ya mwanzo ya 1930 simba walikuwa wamerudi na mjeledi wao. Ndovu wa Ringling walisubiri mpaka mwaka 2016 ndipo wakastaafishwa.

Mwaka huohuo wa 1925 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu ya wanyama wa maonyesho. Kabla yake kamati ya Bunge ilikaa mwaka 1921 na 1922 ikasikiliza mashahidi wa pande zote mbili, wafunzaji na wapinzani wao. Sheria ikamtaka kila mfunzaji na kila mwenye onyesho ajiandikishe kwa mamlaka ya mji wake, na ikawapa polisi na maafisa ruhusa ya kuingia kukagua. Mpaka hapo ni vizuri. Lakini kilikuwepo kifungu kimoja ambacho ningependa mwandishi wenu akisome taratibu: afisa haruhusiwi kupanda jukwaani wala kwenda nyuma yake wakati onyesho la hadhara linaendelea. Sijui kama waliokiandika walitabasamu. Na kwa sheria hiyo Waingereza walijikongoja miongo mingi. Marufuku ya kutumia wanyama pori katika sarakasi zinazosafiri ilianza kufanya kazi England tarehe 20 Januari 2020.

Wenye sarakasi nao walikuwa na la kusema. Carl Hagenbeck wa Hamburg, mfanyabiashara aliyepokea shehena za wanyama kutoka Afrika, alinadi mtindo wa kufunza kwa upole, kwa kipande cha nyama na uvumilivu badala ya chuma cha moto. Sitakataa kwamba wafunzaji wapole walikuwepo, na wapo. Ila mtazamaji atawatofautishaje? Simba aliyebembelezwa na simba aliyevunjwa moyo wote wanapanda kigoda kile kile, na wote wanapigiwa makofi. Mlango wa banda ukiwa umefungwa, neno la mfunzaji ndilo ushahidi pekee, naye ndiye anayelipwa.

Sasa nirudi kwa tumbili wa mbele ya baa. Sheria tunayo, ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na aliye na malalamiko aitumie. Lakini afisa gani atakaa uani kwa mwenye tumbili wiki kadhaa, akimtazama mnyama anavyofundishwa kusimama kwa miguu miwili huku amefungwa kamba shingoni? Wapo watakaoniuliza kuhusu chatu wanaochezwa katika ngoma za Kisukuma, na wengine watanipeleka kwenye mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Hayo yana mizizi yake na yanastahili barua nyingine. Swali langu kwao ni lile lile, ngoma ikiisha mnyama anakaa wapi na anahudumiwa na nani, na ninaamini wapo wachezaji watakaolijibu bila kumung'unya maneno.

Kwa video mambo ni mepesi zaidi kuliko enzi za Rowley. Hakuna ukumbi wa kutoka wala mtu wa kumkanyaga miguu gizani. Tiketi siku hizi ni kutazama kwenyewe: ukiitazama mpaka mwisho na kuisambaza kwenye kundi la familia, umeshamwongezea mwenyewe watazamaji, na kwa hao ndiko pesa inakotoka. Kidole kikipita, umetoka ukumbini.

Na kwa mwandishi wenu nina ombi. Kabla hajaisifu video nyingine, amtafute mwenye tumbili amuulize alimpata wapi akiwa na umri gani, mama yake yuko wapi, alitumia nini kumfundisha, na kama angekubali kamera iwepo siku ya mazoezi. Majibu ayachapishe katika safu ileile, sehemu ileile ya juu ya ukurasa.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga