Ukaguzi wa zebaki ufike hadi msituni

Ndugu Mhariri,

Zebaki ya wachimbaji wadogo ikizungumzwa huku Kanda ya Ziwa, mjadala huishia kwa samaki. Tunaomba na sakafu ya msitu ikaguliwe. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa hadharani, mvuke hunaswa na majani ya miti ya jirani. Yakipukutika, zebaki hushuka nayo, na hayo ndiyo chakula cha jongoo, konokono na nyungunyungu. Ndege wanaowadonoa huipokea.

Kule Avonmouth, Uingereza, karibu na kiwanda cha kuyeyushia zinki na risasi, majani yalirundikana msituni bila kuoza kwa sababu wasagaji wake, yaani jongoo, nyungunyungu na wenzao, walikuwa wamepungua mno. Dalili kama hiyo inaweza kutafutwa Geita na Sengerema bila maabara.

Shona vifuko viwili vinavyolingana: kimoja cha wavu wa dagaa wa milimita 8, kingine cha chandarua kisichotiwa dawa (chenye dawa kitaua wadudu na kuharibu kipimo chote). Kila kimoja kitiwe gramu 10 za majani makavu ya mti uleule, vilazwe chini mvua za vuli zinapoanza, vichukuliwe baada ya miezi 3. Suuza majani na kuyakausha kabla ya kupima, maana udongo ulioganda huongeza uzito. Chandarua huzuia jongoo na nyungunyungu; wavu huwapitisha. Uzito ukipungua sawasawa katika vifuko vyote viwili, ujue wasagaji wakubwa hawapo. Ukame nao huleta matokeo hayohayo, kwa hiyo lazima jozi nyingine iwekwe msimu uleule kwenye msitu wa aina hiyo ulio mbali na moshi. Jozi moja haitoshi. Weka angalau 10 kila mahali. Kifuko chenye vijia vya udongo wa mchwa kiondolewe kwenye hesabu.

Wanaopeleka nyungunyungu maabara wawaweke kwanza siku 2 juu ya karatasi yenye unyevu ili watoe udongo wa tumboni. Wasipofanya hivyo, watakuwa wamepima udongo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na uchomaji wa hadharani ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakome. Halmashauri zinazokagua mialo ziongeze kipimo hiki, na wachomaji wasaidiwe kupata retoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, ambacho huukamata mvuke kabla haujafika mitini.

Wasomaji wenu,
Mwanza