Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: Uwanja uliobaki usitiwe lami

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MITI ILIYOKATWA NA UWANJA UNAOOMBEWA KIBALI

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazostahili ofisi yako. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta mwenyewe kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Jibu sijapata hadi leo. Ndiyo maana hii naiandika mbele ya kila mtu.

Jumamosi iliyopita, kabla hakujapambazuka vizuri, tuliamshwa na misumeno. Kufika saa tatu asubuhi miti yote ya barabara yetu ilikuwa chini. Nilivihesabu visiki: 17, vyote vikivuja utomvu. Msimamizi alinionyesha karatasi yenye sahihi ya ofisi yako, akasema barabara inapanuliwa na miche itapandwa baadaye. Mche, Mheshimiwa, hauna kivuli cha kumtosha hata kuku.

Jumanne, saa nane mchana, mama yangu mzazi alianguka kituoni. Ana miaka 71. Miaka yote alikuwa akisubiri basi chini ya mti wa nne kutoka kona, na siku hiyo alisimama palepale alipozoea, juani, karibu dakika 40. Wapita njia walimbeba hadi kibarazani wakamlowesha maji kichwani na kwapani. Ana shinikizo la damu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni visiki vyenu vilivyomwangusha. Lakini daktari alipouliza alikuwa wapi, nilipomjibu alitikisa kichwa tu.

Sasa yuko nyumbani, na nyumbani ndiko mateso yenyewe yaliko. Mchana tunaweza kukimbilia kivuli. Usiku tukimbilie wapi? Chumba anacholala kina ukuta unaotazama magharibi. Juzi saa sita usiku niliweka kiganja kwenye ukuta ule nikahisi moto kama wa chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Nimemtandikia godoro sakafuni, nalowesha shuka, nakamua, namfunika. Baada ya nusu saa limekauka, naanza upya. Wiki nzima sijapata usingizi wa saa tatu mfululizo.

Katika mkutano wa wakazi ofisa wako alituambia kwamba fukuto hili ni mabadiliko ya tabianchi, na kwamba hakuna mamlaka ya jiji inayoweza kuzuia jua. Dunia inapata joto, hilo sibishi. Lakini mbona jua hilohilo linawaka mashambani, na huko usiku watu wanajifunika? Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, alipima jambo hili London mwanzoni mwa karne ya 19, akaona mji una joto kuliko vijiji vinavyouzunguka, na tofauti inazidi usiku. Ni jambo linalojulikana kwa miaka 200. Wataalamu wako wamelisoma chuoni.

Na sababu zake si siri. Lami mpya hunywa karibu mwanga wote wa jua unaoipiga. Zege na matofali huweka akiba ya joto mchana kutwa, kisha jua likizama huanza kulirudisha. Nyumba ndefu zikisimama karibu karibu, joto linalotoka ukuta huu linapokelewa na ukuta wa pili, na anga ambayo lingeponyokea imebaki ufito mwembamba juu ya barabara. Upepo nao unagonga majengo unageuka. Juu ya hayo kila kiyoyozi kinapoza chumba kimoja kwa kutupa joto nje, na nje ya mwenzako ni dirishani kwangu. Sisemi watu wasijenge kwa kubanana. Kichochoro chembamba hutunza kivuli mchana, na mji uliotawanyika hovyo hutaka lami nyingi zaidi. Tatizo ni kubanana bila kuacha mahali pa kupumulia.

Mahali hapo kwetu ni uwanja. Udongo mtupu, majani, miti michache upande wa bondeni. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la karibu theluthi mbili za uniti ya umeme, na mti mkubwa wenye maji ya kutosha mizizini unaweza kutoa zaidi ya lita 100 kwa siku. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika pale bila bili, bila mafuta, bila kelele. Jioni ukitoka kwenye barabara ya visiki ukaingia uwanjani, hewa inabadilika kabla hujamaliza hatua 20. Njoo uijaribu mwenyewe. Nitakusubiri saa yoyote.

Na sasa uwanja huo umeombewa kubadilishwa matumizi uwe maegesho ya magari. Mheshimiwa, ulisimama mbele yetu, ukashika kipaza sauti, ukasema: maeneo ya wazi hayataguswa. Nilikuwa safu ya pili. Tulikupigia makofi, nami nilipiga.

Joto linaua, na linaua zaidi wazee na wanaoishi peke yao. Chicago, Julai 1995, walikufa watu zaidi ya 700 katika siku chache. Ufaransa, Agosti 2003, walikaribia 15,000, na katika Paris waliolala vyumba vya juu kabisa chini ya mapaa yaliyochomwa na jua walikuwa hatarini zaidi. Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulipima miji 108 ukakuta kwamba mitaa iliyotiwa alama nyekundu kwenye ramani na kunyimwa mikopo miaka ya 1930 ina ardhi yenye joto zaidi, kwa wastani wa nyuzi 2.6, kuliko mitaa mingine ya miji hiyohiyo. Mstari uliochorwa ofisini bado unaunguza wajukuu.

Lakini kalamu hiyohiyo inaweza kuponya. Stuttgart, mji wa Ujerumani ulio bondeni, umekuwa na mtaalamu wake wa hali ya hewa tangu 1938, na una njia za upepo ambazo hairuhusiwi kuziziba. Seoul, Korea Kusini, ilibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, na baada ya maji kufunguliwa mwaka 2005 kando ya kijito palipimwa pakiwa na nyuzi 3 hadi karibu 6 pungufu ya barabara ya jirani. Medellín, Kolombia, ilianza mwaka 2016 kupanda miti kwa mistari kando ya barabara na mifereji, na joto likashuka. Hao nao wana magari, Mheshimiwa. Nao wanahitaji maegesho.

Nilikuwa nimeandika madai mengi: mapaa meupe, vivuli vituoni, sheria ya kila kiwanja kuacha udongo wazi, miti mikubwa badala ya miche. Yote nayataka bado. Visiki navyo vinaweza kuchipua visiposagwa, mwambie mkandarasi aviache. Ila nimechoka, na nikiandika mengi mtajibu lililo dogo na kuyaacha mengine. Kwa hiyo naomba moja. Usitie sahihi kibali cha uwanja. Kama kimeshaandaliwa, kiache bila sahihi. Kama umeshatia, kifute, na utangaze kwa kipaza sauti kilekile.

Mama ameniuliza leo asubuhi kama atapata tena mahali pa kukaa jioni. Nimemwambia uwanja upo.

Wako katika kusubiri jibu,

Mkazi wa nyumba zilizo nyuma ya uwanja